Jaji Aingia Majini

Filimbi ililia kabla hata kisigino cha mtoto hakijagusa maji.

"Wewe mama! Mtoto mchanga haruhusiwi!"

Mama hakuinuka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa, upande wa kina kifupi, miguu majini, mwanawe mapajani. Mtoto alikuwa na miezi sita, na kwa jinsi alivyokunja uso tangu siku aliyozaliwa, nyumba nzima ilimwita Jaji.

"Haruhusiwi na nani?"

"Na sheria."

"Ubao wa sheria uko pale getini. Nimeusoma wote, mpaka ile ya kutotema mate. Watoto wachanga hawajatajwa."

Mwokoaji akashuka kwenye kiti chake kirefu, kilichoegemezwa ukutani, mbali na maji. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana, fulana yake nyekundu imepigwa pasi mikunjo ikasimama, saa mkononi, viatu vya ngozi vinang'aa. Alisogea hatua chache, akasimama.

Nyuma yao, kwenye benchi, mama mkwe alilikumbatia taulo utadhani ni mali ya kuwekewa dhamana.

"Mwenye kazi yake keshasema," alisema. "Nipe mume wangu nimvalishe, twende zetu." Mume wangu ndilo jina alilomwitia mjukuu, na wivu wake juu ya mume huyo haukuwa wa mzaha.

Asubuhi, kwenye chai, walikuwa wamekubaliana: leo tu. Wakifukuzwa, habari ya bwawa isisikike tena ndani ya nyumba ile. Na mama mkwe akishafunga mjadala, hata mwanawe wa kumzaa haufungui.

Mama Jaji hakuwa tayari kufukuzwa. Alikulia katika nyumba ambayo maji yalikuwa ya kutishia watoto: usisogee, utakufa. Akawa mtu mzima anayerudi nyuma akiona beseni limejaa. Mwaka uliopita, tumbo likiwa limeanza kuchomoza, alijiandikisha masomo ya jioni ya kuogelea. Wenzake walimcheka, eti huyu kaja na boya lake kabisa. Alicheka nao, akarudi kesho yake, mpaka woga ukamwachia. Hakutaka Jaji aurithi.

"Kofia," mwokoaji alisema. "Bila kofia ya kuogelea haingii mtu."

Kofia ndogo ya bluu ikatoka kwenye begi. Jaji akavalishwa, akazidi kununa.

"Na nepi..."

"Ni ya kuogelea."

"Maji yenyewe ya baridi."

"Nimeyapima kwa kiwiko. Lingine?"

Wasichana waliokuwa wakirushiana mpira majini walianza kucheka. Mpira ukawaponyoka, ukatua ukingoni na kurusha maji. Mwokoaji aliruka kando kama paka.

"Angalieni nguo za watu!" alifoka. Kisha akachukua fimbo ndefu yenye ndoano, akanyoosha mkono kutoka mbali, akausukuma mpira urudi kwao.

"Huyu ni mwokoaji au bwana harusi?" mama mkwe alinong'ona, akisahau kidogo yuko upande wa nani.

Mama Jaji akavuta pumzi, akateleza ndani. Maji yalimfika kiunoni. Alimkumbatia mwanawe kifuani, akamshusha taratibu: vidole, magoti, tumbo.

Filimbi ililia. Ikalia tena. Mara hii ndefu, kali, mpaka watu wa upande wa pili wakageuka.

Jaji aliyatazama maji kwa hasira zake za siku zote. Akainua kiganja, akayapiga. Yakamrukia usoni. Akafikiri, akayapiga tena. Kisha akacheka, kicheko cha ufizi mtupu, kikubwa kuliko mwili wake.

"Toka! Nakuamuru utoke na huyo mtoto!"

"Njoo unitoe."

Wasichana wakaushika mpira wao, wakageuka kutazama.

"Umenisikia. Niko hapa, maji ya kiunoni, sikimbii. Kama iko sheria, ingia nayo. Mwanangu hatoki humu kwa sababu ya mtu kupuliza filimbi. Kelele kama hizo nimelelewa nazo."

Taulo likaanguka. Mama mkwe alikuwa amesimama.

"We kijana," alisema, "koma! Thubutu umguse mkwe wangu uone."

Mama Jaji aligeuka kumtazama, kwa mshangao. Mama mkwe akajifanya anaokota taulo.

Mwokoaji aliyatazama maji. Akakitazama kiti chake. Wasichana wa mpira walijisogeza pembeni kumpisha aruke. Akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akafika ukingoni. Alichuchumaa, mkono mmoja umeng'ang'ania chuma cha ngazi.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, ili asikie yeye peke yake. "Mimi nilikuja hapa kuomba kazi ya kukata tiketi. Wakaona mabega, wakanipa filimbi. Mtu mzima akizidiwa namrushia boya, analishika, namvuta. Huyu wako atalishika na nini? Mimi kuogelea sijui."

Mama Jaji alimtazama usoni, kisha akavitazama vile viatu.

"Vivue," alimwambia. "Utaanza pamoja na Jaji."