Kumi na Saba

Kumi na Saba aligoma kufa.

Dawa ya kwanza ilimpita, ya pili ikampita, na ile ya tatu, iliyowamaliza wenzake kwa siku mbili, haikumfanya lolote. Kila asubuhi Tiria Waaka alifungua kabati la joto, akakiweka kisahani chini ya hadubini na kukuta seli za saratani zimejaa kuliko jana.

"Umeamkaje, mkaidi?"

Kwao Wamaori, kipande cha mtu ni mtu, na mtu husalimiwa. Wenzake pale maabara, Auckland, walimcheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nao wakawa wanasalimia.

Kumi na Saba alikuwa nani, maabara hawakujua. Mgonjwa akikubali kutoa kipande cha uvimbe wake, hospitali humpa karatasi yenye namba, na maabara hupokea kipande chenye namba hiyohiyo. Jina halitoki hospitali. Siku akitaka chake, huleta karatasi, kikaombewa dua, akaenda kukizika kwao.

Na mwaka wa kwanza wa uzamivu hauna huruma. Miezi kumi na miwili, kisha unasimama mbele ya jopo. Ukiwa na la kueleza unaendelea, ukiwa mikono mitupu unafungasha. Tiria, wa kwanza katika ukoo wao kufika hapo, mpaka Juni hakuwa na kitu. Visahani vyake viliota ukungu, akawa analia chooni ili wasimsikie. Ndipo Kumi na Saba, aliyeletwa Aprili, alipoanza ukaidi wake, na kwa nini hafi ikawa ndiyo kazi yote ya Tiria.

Jumapili alimpigia simu baba yake, Mzee Paratene, kule Ruatoria. Mzee alikata manyoya ya kondoo miaka arobaini, na sasa mgongo ulikuwa unamdai. Simu ya kuonana aliikataa, eti kamera yake imekufa.

"Wagonjwa wako wa kwenye visahani wanaendeleaje, mama?"

"Wanakufa vizuri, Baba. Isipokuwa Kumi na Saba. Huyo kichwa ngumu kama wewe."

Mzee akacheka. "Dawa zote?"

"Zote. Hata ile mpya."

Mbwa walikuwa wanabweka nyuma ya mzee.

"Basi anakusaidia."

"Bila yeye ningekuwa nimesharudi huko kukuchungia kondoo."

"Usirudi. Kondoo bado nawaweza."

Tangu siku hiyo hakuuliza habari za wengine. Kila Jumapili ni Kumi na Saba tu, na jopo ni lini. Tiria alifurahi sana kuona mzee asiyemaliza shule anaifuatilia kazi yake namna hiyo.

Siku ilipokaribia alimwomba aje amsikilize.

"Mgongo, mama. Safari ni ndefu."

Tiria aliumia. Aprili si mzee huyuhuyu aliendesha gari kutwa nzima, akaja kula naye pai ya nyama na kulitazama tu jengo analosomea?

Alipita. Picha ya Kumi na Saba ilijaa ukuta mzima, jopo likapiga makofi. Alipompigia baba yake, mzee alilia kwenye simu, na Tiria hakuwahi kumsikia akilia.

Jumatatu, msimamizi wake, Dokta Keay, akamfuata mezani.

"Mwenye Kumi na Saba yuko chini. Amekuja na karatasi yake, anataka chake."

"Leo? Na mwaka wangu wa pili je?"

"Matokeo unayo. Lakini yeye si wetu, Tiria. Wewe ndiye uliyetufundisha hilo."

Tiria akaona aibu. "Hali yake ikoje?"

"Dawa umezijaribu mwenyewe," alisema Dokta Keay taratibu.

Alivifunga visahani kimoja kimoja, akavipanga ndani ya kikapu kidogo cha ukindu, akasoma dua. Kwenye ngazi alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia huyo mgeni. Alitaka kumshukuru. Alitaka pia kumwomba radhi, maana miezi yote hiyo alikuwa akifurahia kitu kinachomuua mwenzake.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mzee mmoja, mkondefu, kofia ya sufu imemshuka hadi masikioni, karatasi ya namba mkononi. Alipomwona Tiria na kikapu alijaribu kusimama, mgongo ukakataa.

"Nilisubiri upite kwanza, mama," alisema baba yake.