Usingizi wa Alhamisi

Siku hizi kwenye mwendokasi kiti ni cha aliyechoka zaidi. Ukishika bomba, basi linaupima mwili wako, na haliondoki mpaka linayemtaja akae.

Ijumaa moja nilikuwa na Mama Editha, ninayemfanyia kazi za ndani, tukienda sokoni. Yeye alikuwa amekaa.

"Siwema, kaa hapo," basi likasema, na taa ikawaka juu ya kiti cha Mama Editha.

"Mimi sijachoka," nilijibu. Likarudia kwa sauti zaidi.

"Mpishe dada wa watu, tunachelewa!" abiria mmoja alimwambia Mama Editha. "Kwani huyu unamlaza saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mama Editha akasimama, nikakaa nikitazama kandambili zangu mpaka Kariakoo.

Hakunigombeza. Ila sasa kila Alhamisi, siku moja kabla ya kwenda sokoni, ananiamuru nilale kutwa. Nguo anafua mama mkwe wake, bibi kizee asiyepanda basi.

"Lala, mjukuu wangu, usituaibishe tena," bibi ananiambia huku akibeba beseni.

Nafumba macho. Namsikia uani akisugua mashuka na kukohoa, na hata mara moja sijainuka.