Kasha la Miwani

Binti yangu Janelle alinikumbatia mlangoni, kisha mkono wake ukasita ubavuni mwangu, juu ya mfuko wa koti.

Mle mlikuwa na bastola ya mtutu mfupi ya mwaka 1951, ninayoipenda kuliko zote nilizokusanya. Niliipata mnadani huku huku Kentaki. Mpini wake wa mti umelika upande mmoja, pale gumba la mwenyewe wa kwanza liliposhika miaka na miaka. Natembea nayo kama wengine wanavyotembea na saa.

Lakini nilikuwa nimemwahidi. Tangu mumewe alipouawa kwa risasi, Janelle aliniomba jambo moja tu, kwamba nyumbani kwake nisije na silaha.

"Baba, hiki nini?"

Ningeweza kusema kweli, nikarudi kuiacha garini.

"Kasha la miwani," nikasema.

Akanitazama usoni, ambako miwani yangu ilikuwa imekaa puani kama kawaida.

"Haya, Baba. Karibu."

Mjukuu wangu akatoka jikoni mbio na gauni lake la Pasaka, vidole vimejaa sukari ya keki.

"Babu, nibebe!"

Nikainama kumpokea. Janelle akawahi kumnyanyua yeye, akampakata upande wa mbali nami.

"Leo mwache Babu," akamwambia kwa upole. "Mgongo unamuuma."

"Pole, Babu," mtoto akasema.

"Asante, mama," nikamjibu.

Mgongo wangu haukuwa na tatizo lolote. Nilikula chakula chote cha mchana nimevaa koti, na hakuna aliyeniambia nivue.