Maji Safi

Askari alisimama nje ya mlango, kwa kuwa mwanamume haingii anapooshwa maiti wa kike. Ndani, Bi Mwanakombo, mwosha maiti wa mtaa ule, alikuwa ameshajaza ndoo na kutia karafuu maiti. Kitandani alilala Zamda, aliyepigwa risasi jana kwenye maandamano ya watu waliodai ndugu zao waliokamatwa waachiwe. Dera lake lilikuwa limegandana na kifua kwa damu.

"Muoshe vizuri, bibi," askari alisema. "Watu wasije wakaiona hiyo damu."

Bi Mwanakombo alichota maji kwa kata, akamtazama yule binti, akayarudisha ndooni.

"Shahidi haoshwi. Anazikwa na nguo zake na damu yake, aende nayo kwa Mola wake."

"Shahidi hufa vitani. Huyu aliandamana tu."

"Yeye alikuja mikono mitupu, mwanangu. Vita mlikuja navyo nyinyi." Akaiweka kata chini. "Kama nakosea, nitaulizwa mimi."

Akaiinamisha ndoo. Maji yakatambaa sakafuni, yakapenya chini ya mlango, yakavizunguka viatu vya askari. Askari akainama kuyatazama. Hayakuwa na hata tone la damu, na yalizidi kuja.