Mnara wa Taa Mlimani

Radka alishuka mlimani akiwa na utepe mwekundu mkononi. Alikuwa ameufungua asubuhi hiyo kwenye shina la mti wake wa plamu. Miti thelathini iliyobaki nayo ilikuwa imefungwa utepe kama huo, na katikati ya shamba kulisimikwa kibao: HAPA PATAJENGWA MNARA WA TAA WA KUONGOZA MELI. MITI ITAKATWA JUMATATU.

Kutoka shambani kwake hadi bahari iliyo karibu zaidi ni mwendo wa siku nzima kwa treni.

Ofisi ya manispaa ilikuwa imefungwa. Mlangoni palibandikwa karatasi: Meya yuko nje kikazi. Radka akavuka barabara hadi mkahawa wa Genko. Kwenye kioo cha mkahawa bango la uchaguzi lilikuwa bado halijabanduliwa: Asparuh Tonev, meya mpya, mwenye nywele nyeusi kama masizi na masharubu ya kumtia mbwa hofu.

Ndani, karibu na jiko la kuni, mzee mmoja mwenye kipara na miwani alikuwa akinywa kahawa huku akiutazama mlango wa ofisi ng'ambo ya barabara.

"Meya anarudi saa ngapi?" Radka alimuuliza Genko.

Genko alikitazama kikombe alichokuwa akikifuta. "Hilo, mama, hata mwenyewe hajui."

"Keti, mama," alisema mzee. Aliutazama utepe. "Ni ule mnara, siyo?"

"Umejuaje?"

"Ahadi ya nne." Hakuwa na karatasi yoyote mbele yake. "Ya kwanza, kusafisha ufukwe. Ufukwe upi? Ya pili, samaki wabichi kwa wastaafu kila Ijumaa. Samaki hao wavuliwe wapi, kisimani? Ya tatu, kuwalinda waogaji dhidi ya papa. Tumtendee haki, hiyo ametimiza. Sijasikia mtu aliyeng'atwa."

"Ana wazimu?"

"Hapana. Ni mvivu wa kusoma. Chama kilikosa mtu wa kupambana na meya wa zamani, kikamwomba akiazime jina lake tu, kwamba atashindwa na kurudi kwa nyuki wake. Ilani wakainakili kutoka mji fulani wa pwani, na picha ya bango wakatumia ya ujana wake. Akatia sahihi bila miwani."

Radka alikaa. "Mimi nilimpigia kura," alisema polepole. "Nilimwonea huruma. Nilijua hakuna atakayemchagua, nikasema, masikini, asije akapata sifuri."

"Hata mimi," alisema Genko.

"Nyote," alisema mzee. "Hata meya wa zamani alimpigia yeye, kwa huruma hiyohiyo. Mwenyewe akaambulia kura moja, na hiyo moja nilimpa mimi."

Genko alikohoa, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Basi si aufute huo mnara," alisema Radka. "Kalamu anayo."

"Mkoa umeshaipitisha ilani. Umefurahi mno. Haujawahi kupata manispaa ya milimani yenye maono makubwa namna hii. Ahadi iliyopitishwa haifutwi na aliyeitoa. Husimamishwa kwa malalamiko ya maandishi ya mwananchi aliyeumizwa nayo. Wiki ya tatu sasa, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja."

"Na hapa kwangu wanalalamika kutwa," alisema Genko. "Lakini kwa mdomo. Karatasi wanaiogopa kuliko mbwa mwitu."

Radka aliuzungusha utepe kwenye kidole. "Marehemu Velko alipanda mti mmoja kila mwaka wa ndoa yetu," alisema. "Wa thelathini na moja aliupanda ameketi kwenye kigoda, mimi nikichimba, yeye akinielekeza na kunikosoa. Huo ndio nilioufungua leo. Sikuweza kuuacha na kitambaa shingoni."

Mzee alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Liandike hilo, mama."

"Sijaandika barua tangu Velko alipokuwa jeshini."

"Basi wewe sema, niandike mimi."

Genko alileta karatasi kabla hajaagizwa. Radka alisema na mzee akaandika, bila haraka, kwa mwandiko ulionyooka. Idadi ya miti. Mwaka wa kila mmoja. Kwamba kutoka shambani pale haionekani meli, ila paa la kanisa na mbuzi wa jirani.

"Ongeza kwamba meya ni mbumbumbu."

Mzee alifikiri kidogo. "Tuseme, 'Meya hakutafakari vya kutosha.'"

"Mbumbumbu," alisema Radka.

Mzee akaandika mbumbumbu, akaweka nukta. Radka akatia sahihi yake, herufi moja moja, kama anayepanda vitunguu. Kisha akautazama mlango wa ofisi ng'ambo, ambao bado ulikuwa umefungwa.

"Sasa nani atamfikishia? Jumatatu ni keshokutwa."

Mzee aliisoma barua yote upya, tangu neno la kwanza. Alipomaliza, aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa muhuri wa manispaa, akaupulizia pumzi mara mbili na kuugonga juu ya karatasi hadi vikombe vikatikisika. Chini ya muhuri akaandika: Nimekubali. Miti isiguswe. A. Tonev.

"Mungu akubariki, mama," alisema, huku akivuta karatasi nyingine safi. "Sasa niambie, huko kwenu juu hakuna jirani asiyependa samaki?"