Kaseti ya Pili

Alibana kufuli mpaka likalia, akalivuta kulipima, kisha akautumbukiza ufunguo kifuani.

"Baba'ngu, nipo hapa sebuleni nashona. Ukitaka choo, gonga."

"Sawa, Mama," sauti ikajibu kutoka ndani. "Kwani nitaenda wapi?"

Akarudi kwenye cherehani chake. Dirisha la chumba cha kijana alikuwa amelitia nondo, tena alimsimamia fundi mpaka ya mwisho ikachomelewa. Sasa kilichobaki ni mlango, na mlango ulikuwa mbele ya macho yake.

Msimcheke, wazazi wenzangu. Mwanawe wa kwanza alitoka jioni moja kwenda kunyoa nywele, akarudishwa na watu wamembeba ndani ya shuka, amefunikwa mpaka kichwani. Mpaka leo hakuna aliyesema ilikuwaje. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wa pili ana ndevu sasa, lakini mama yake akimwona anavaa viatu tu, anakwenda kusimama mlangoni.

Ndipo alipokwenda kwa fundi redio kutafuta kitu cha kumkalisha nyumbani. Fundi akampa mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuchomeka kaseti juu, na kaseti moja ya vita. Kijana akaicheza mpaka akaimaliza. Alipoimaliza, akaanza tena maneno ya kutoka. Karakana ya mafundi umeme ilikuwa imemkubali kujifunza kazi. Aripoti Jumatatu kabla ofisi haijafungwa, asipofika nafasi yake anapewa mwingine.

Mama alirudi kwa fundi mbio.

"Huna nyingine?"

"Ninayo ya pili yake. Lakini hii ngumu, mama. Askari wanatembea kwa zamu, kama dama. Na usipocheza wewe, adui naye hachezi. Anakungoja hata mwaka."

"Nipe hiyo hiyo. Yenye mwaka."

Kweli ilimtuliza. Kijana aliyekuwa amenuna tangu kufuli lilipowekwa akaanza kuzungumza naye kupitia mlangoni, akimweleza mapigano. Mama akajifunza mpaka muziki wake. Ukienda taratibu, ni zamu ya mwanawe. Zikilia ngoma, ni zamu ya adui.

"Umefika wapi?" alimuuliza Jumamosi, akitunga uzi kwenye sindano.

"Nimekwama, Mama. Jemadari wao anakaa getini, habanduki. Kila askari ninayempeleka anamaliziwa pale pale."

"Basi usimpelekee mtu."

"Eti?"

"Mtu wa getini humpigi akiwa getini. Mnyamazie tu. Atakuja mwenyewe kuangalia mbona kimya."

"Kumbe nyumbani tuna jemadari na sisi hatujui," kijana akasema, akacheka. Mama alishona siku nzima huku akitabasamu peke yake. Siku nyingi hakuwa amesikia kicheko kile.

Jumatatu ikafika. Jirani yake, msusi, alikuja kupunguziwa gauni, akakaa kwenye kigoda akimsubiri.

"Shoga, na huo muziki hauishi? Tangu nimekaa ni huo huo."

"Zamu yake. Anafikiria."

"Mwanamume anafikiria asubuhi yote? Wangu mie hata siku ya kuoa hakufikiria hivyo."

Wakacheka. Kisha msusi akapunguza sauti. "Lakini si ndiyo Jumatatu yake ya kuripoti?"

"Jumatatu zipo nyingi. Watoto sina wengi."

Msusi akatazama kufuli, akachukua gauni lake, akaaga.

Muziki uliendelea, taratibu, ukizunguka na kurudi ulikoanzia. Ngoma hazikulia. Mama alipakua chakula akasogea mlangoni. Kawaida yake hakuwa akiingia. Huufungua mlango kiasi cha sahani kupita, mguu wake ukiwa umeukinga, na kijana huipokea akiwa amesimama. Sahani iliyotumika hutoka, mlango hufungwa.

"Baba'ngu, chakula."

Muziki.

"Baba? Hata chooni hujaenda leo. Unaumwa?"

Akatoa ufunguo, akafungua, akaliacha kufuli likining'inia kwenye komeo na ufunguo wake humo humo. Akausukuma mlango kidogo. Pazia lilikuwa limeshushwa. Kwenye televisheni askari wadogo walikuwa wakipiga hatua pale pale walipo, hakuna anayewaambia waende wapi. Kidude cha kuchezea kilikuwa sakafuni.

Kitandani, mtu alikuwa amelala chali ndani ya shuka, amefunikwa mpaka kichwani.

"Yarabi," mama akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia.

Mguu wake ukauacha mlango. Aliiweka sahani juu ya televisheni au iliwekwa na Mungu, hakujua. Alivuka chumba, akapiga magoti, akalishika shuka kwa mikono miwili. Aliwahi kuvuta la namna hiyo, na alichokiona bado anakiona. Akafumba macho, akavuta.

Mito miwili, koti, na suruali iliyokunjwa vizuri.

Nyuma yake nyayo zilichomoka nyuma ya mlango, mlango ukavutwa bila kishindo, na kufuli likalia.

"Kula hicho chakula kabla hakijapoa, Mama," sauti ikasema kutoka sebuleni. "Nikishajiandikisha nakuja kukufungulia."