Vitumbua vya Jirani

Bangili ya kupima sukari aliyovishwa shuleni ilipoonja utamu kwenye jasho la Saumu, mlango wa nyumbani ulijifunga, naye akaanza kuruka kamba aiunguze sukari hiyo ili ufunguke.

"Umekula nini?" mama yake, Mishi, alimuuliza.

"Kitumbua. Bi Zuhura kanipa."

Mishi akaguna. Tangu lini mtoto akaingia kwa jirani akatoka mdomo mkavu?

Punde jirani huyo akabisha. "Hodi! Nimewaletea na nyinyi, vya moto!"

Mishi, ambaye hajawahi kuinyamazia hodi maishani mwake, akajiziba mdomo kwa aibu ya mlango usiofunguka, mpaka sauti ya nyayo ikapotea. Saumu aliendelea kuruka, machozi yakimtoka.

Hatimaye komeo likafyatuka, mlango ukafunguka. Sahani ya vitumbua ilikuwa kizingitini, inanukia iliki. Saumu aliitazama, kisha akaurudisha mlango, akaufunga mwenyewe.